Jina la Yule Nondo wa Ruiru

Wanawake wenzangu wa Majengo, pale Thika, walikuwa na wivu wenye sababu. Huyu mumewe ana hawara kule upande wa kiwanda cha mananasi, yule ameletewa mke mwenza bila hata kuambiwa. Mimi mume wangu hakunywa, hakutongoza, na jua likitua yuko nyumbani ananawa mikono. Wakaniambia, wee umepata mume, shukuru Mungu. Na mimi niliwaka wivu kuliko wao wote. Siku waliponibana niseme ninamwonea nani, nikasema: wifi yangu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wifi! Dada ya mume, tumbo moja, ziwa moja! Sasa huyo atakuibia nini?

Ataniibia nini. Ngoja nieleze.

Mume wangu alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na meza yake ndogo kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na mji mzima ulimwita Fundi. Hata mimi nilimwita Fundi, na yeye aliniita mama kabla sijawa mama wa mtu. Tulioana muda mfupi kabla ya Hali ya Hatari. Wiki ile ya kwanza, baada ya kula, aliipangusa meza, akawasha karabai, akatoa chini ya kitanda boksi la mashati. Nikadhani anataka kunionyesha picha za ukoo wao. Akafunua. Nondo!

Si wale wakubwa wenye mabawa ya kujivunia. Hawa walikuwa wadogo, wengine wadogo kuliko punje ya mchele, rangi ya vumbi, rangi ya majivu, wale ambao mtu mwenye akili zake huwafuta ukutani kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Amewapanga kwa mistari, kila mmoja amechomwa waya mwembamba kuliko sindano yoyote niliyowahi kushika, juu ya vipande vya mlingoti wa katani vilivyokatwa kama mkate. Mlingoti wa katani ukikauka moyo wake ni laini, waya unaingia bila kupinda. Siku zile katani Thika ilikuwa kila mahali, haikuhitaji kununuliwa.

“Fundi,” nikamwambia, “hawa si ndio wanaokula makoti?”

“Ni mmoja tu anayekula makoti,” akasema. “Wengine wote wanasingiziwa.”

Nikajua nimeolewa na mtu wa namna gani. Nikanuna siku kadhaa. Halafu kafyu ikaja, na kafyu haikujali kununa kwa mtu. Jioni watu walifungiwa majumbani mwao, huendi kwa jirani, jirani haji kwako, nje ni buti za askari tu. Utamtazama nani kama si mumeo? Nikavuta kiti nikakaa upande wa pili wa meza na kofia niliyokuwa nashona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kushona kofia za vito, matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja. Ukifanya kazi hiyo tangu usichana, macho hayakosei mshono.

Jioni moja akaniuliza, kama anayejiuliza mwenyewe: “Hawa ni mmoja au wawili?” Akanisukumia kile kioo chake cha jichoni, kile cha kutazamia saa. Nikatazama. Nondo wawili, wote rangi ya mchanga, wote na doa bawani. Mtu yeyote angeapa ni mapacha.

“Wawili,” nikasema. “Huyu mshono wake unapanda kwenda begani. Huyu unashuka.”

Akachukua kioo, akatazama, akatazama tena. Kisha akaniangalia mimi, na mimi nawaambia wazi, hata siku ya harusi hakuniangalia vile. Tangu jioni hiyo kiti cha upande wake wa kushoto kilikuwa changu.

Maisha yetu mazuri yalikuwa hayo. Alfajiri, kafyu ikishaondolewa tu, tulishuka pamoja hadi ile hoteli ya Wazungu karibu na maporomoko. Fundi ndiye aliyekuwa akitengeneza saa yao kubwa ya ukumbini, kwa hiyo wapishi walimfahamu na kutuachia tupite nyuma. Taa za baraza zilikuwa zimewaka mpaka asubuhi, na ukuta mweupe umejaa nondo, wamelala kila mmoja kwa mlalo wake. Ilikuwa lazima tuwahi kabla mfagiaji hajafika na ufagio. Fundi aliwatia kwenye vichupa vya dawa ya sindano alivyoomba hospitalini. Siku moja askari alitusimamisha barabarani, akampekua, akatoa vile vichupa, akaviinua juani. “Hii dawa ya nini?” Fundi akasema ni wadudu. “Wa kufanyia nini?” Wa kuwajua tu. Yule askari akatuangalia wote wawili kwa huruma kabisa, akamrudishia vichupa vyake.

Kuwajua, sasa, hiyo ndiyo ilikuwa shughuli. Mwalimu mmoja Mhindi alimpa Fundi kitabu cha picha, kwa sababu hakuwa na pesa ya kulipia saa. Kitabu kizuri, lakini kiliishia kwa wakubwa. Wadogo hawakuwamo. Kwa hiyo wetu walikuwa na majina ya nyumbani. Yule anayetanua mabawa membamba ubavuni alikuwa Eropleni. Yule mweupe mdogo wa kwenye majani ya kahawa, Chumvi. Yule ambaye mtoto wake anatambaa ukutani akiburura kijumba chake kidogo cha mavumbi, Mpagazi. Kulikuwa na Karani, anayetembea huku na huku akipungapunga vipapasio kama anayekutafutia kosa. Kulikuwa na Bi Kizee, mwenye masharubu yaliyopinda kwenda juu. Na kulikuwa na mmoja ambaye akitulia unaapa ni kinyesi cha ndege, huyo aliitwa Aibu.

Mimi nilipenda majina yale kuliko nondo wenyewe. Nikichelewesha chakula huku nikizungukazunguka, Fundi ananiambia, “Leo Karani ameamka vibaya.” Akirudi na mzigo wa saa za watu, namwambia, “Karibu, Mpagazi.” Wageni wakiwepo tunasema maneno yetu hayo na hakuna anayeelewa. Nyumba haikuwa na mtoto bado, na watu walikuwa wameshaanza kunitazama tumbo. Lakini nilikuwa na lugha yangu na mume wangu, watu wawili tu duniani. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Halafu wifi akaja.

Alikuja kutoka Nairobi na sanduku la bati, ameachwa. Mumewe alimpa talaka akabaki na nyumba. Ni mkubwa kwa Fundi, ndiye aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipokufa. Nilimpokea vizuri, asije mtu akasema. Nikampikia pilau, nikamtandikia, nikambebea sanduku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi nilikuwa tayari kumpa hata wiki tatu.

Jioni ile ile Fundi akafunua boksi. Wifi alikuwa anakunywa chai. Akainama juu ya meza, bila kioo, bila chochote, akasema: “Haiya! Bi Kizee yuko bado? Na huyu Mpagazi! Kaka, unakumbuka Karani alivyoingia kwenye chai ya baba?”

Wakacheka. Wacha wacheke! Walicheka mpaka Fundi akafuta macho. Mimi nimeshika birika, nimesimama, mkono unaungua na siusikii.

Kumbe yote yalikuwa yao. Baba yao alikuwa mwasha taa wa stesheni ya Ruiru, na watoto wale wawili waliwaokota nondo chini ya zile taa kila asubuhi, wakawapa majina. Dada ndiye aliyekuwa mtungaji. Na alikuwa ameweka sheria kabisa: mwenye haki ya kutoa jina si aliyemshika nondo, ni yule wa kwanza kuona kwamba huyu si kama wengine, na kuwaonyesha wengine tofauti hata wakubali. Ndiyo sheria Fundi aliyonifundisha mimi, kama kwamba imeanzia mezani kwetu.

Chumbani nikamgeukia. Nikanong'ona, maana ukuta ulikuwa wa udongo na wifi yuko upande wa pili. “Ulinipa majina yaliyotumika.” Siku hizi mngesema majina ya mtumba.

“Jina ni jina, mama.”

“Mimi nilifikiri ni yetu.”

“Ni yetu. Sasa ni yetu watatu.”

Eti watatu. Mwanamume anaweza kusema neno kama hilo na kulala fofofo, na alilala. Mimi nilikodoa macho nikifikiria ni mara ngapi niliitwa Karani, na yeye moyoni anasikia sauti ya dada yake. Hapo ndipo nilipotaka kitu kimoja tu, na nikakitaka kama mwenye kiu: nondo mmoja, jina moja, nililolitoa mimi, ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitia mdomoni kabla yangu.

Basi vita ikaanza, na vita ya mawifi haina risasi. Wifi hakuniomba kile kiti. Alikikalia tu, siku moja nilipokuwa jikoni, na kesho yake akakikalia tena. Mimi nikahamia upande wa pili, ambako unawaona nondo kichwa chini. Nikiwahi kukaa mimi, anasimama nyuma ya kaka yake na kumwegemea bega. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikonda kweli, majirani wakaanza kuniuliza kama ni mimba. 

Nilihangaika kutafuta. Nilichungulia chini ya majani ya migomba, kwenye magunia ya duka la Mhindi, kwenye miamba ya mto Chania mpaka kanga ikalowa kwa rasharasha za maporomoko. Kila niliyemleta, Fundi anamtazama kwa kioo, anaanza kutabasamu, “Mama, huyu labda...” na wifi kwa mbali, akikuna nazi, bila hata kuinua kichwa: “Ana mkia juu? Huyo ni Mtoro. Tulimjua zamani.” Na ni kweli ni Mtoro! Wallahi kama angekuwa anakosea ningemsamehe. Jinsi alivyokuwa hakosei ndivyo alivyonichoma.

“Wifi,” ananiambia kwa utani, “usichoke. Mungu ameumba wengi, atakuachia mmoja.”

“Ataniachia,” nikamjibu, “maana wewe umeshaachwa.”

Neno lile lilimwingia, niliona. Lakini alikuwa na ulimi wake pia. “Heri mimi niliyeachwa na mume kuliko wewe unayeshindwa na nondo.” Fundi akakohoa, akasema saa ya bwana fulani inataka kumalizwa. Ndivyo alivyokuwa, tukigombana yeye huingia ndani ya saa.

Ikafika siku ya kuzuru kaburi la baba yao Ruiru. Siku zile kusafiri hata mwendo mfupi kama huo kulihitaji ruhusa, na ruhusa ikatoka ya watu wawili. Wawili. Niliposikia hivyo nikajua jibu, nikaingia jikoni nikapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Ni kaburi la baba yao, ningesema nini? Wakalala kwa jamaa mmoja karibu na stesheni. Wakarudi kesho yake na vichupa, wananukia moshi wa treni, wana hadithi tele. Taa za stesheni ziko bado! Ukuta ni ule ule! Fundi alikuwa na uso wa mtoto. Wale nondo wa Ruiru wakachomwa haraka haraka kwenye boksi la peke yao, wifi ndiye aliyewachoma, na boksi likawekwa juu ya rafu. Mimi sikuligusa wala kulitazama. Sikuwa na haja na nondo wa safari ya watu.

Mvua zikaja, kazi ikawa nyingi, boksi likasahauliwa. Liliposhushwa, miezi imepita. Wifi akafunua, akapiga ukelele uliowaleta majirani mlangoni.

“Kaka! Njoo! Mweusi!”

Alikuwa mweusi kweli. Mdogo, mwembamba, mweusi wa kung'aa, bila alama, bila doa. Fundi akaweka kioo jichoni, akakaa naye muda mrefu. Masharubu, kama hayapo. Mapindo ya bawa, membamba. Akasema polepole: “Dada, huyu hatuna.” Wifi akapiga vigelegele pale pale. Majirani waliokuja wakidhani kuna msiba wakapiga na wao, bila kujua ni kwa ajili ya nini. Akamwita Makaa. Fundi akasema, “Tangu tulipokuwa watoto hatujapata mpya wa hakika kama huyu.”

Mimi nilikuwa nimekaa miaka yote ile mezani na hatukumpata wetu hata mmoja, na yeye safari moja tu amempata. Nikasema hongera wifi. Nikaenda nje nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wiki nzima ilikuwa Makaa, Makaa. Makaa akaonyeshwa watu. Makaa akapewa kipande chake mwenyewe cha katani. Na hapo ndipo jicho langu lilipokamata jambo. Nilikuwa nafagia chini ya meza, kile kipande chake cha zamani kimeanguka, nikakiokota nikitupe. Kilikuwa na alama ya mviringo, ya mafuta, pale alipokuwa amechomwa. Nikaisugua kidole, nikanusa. Mimi ni mpishi, na mimi ni mshona kofia. Nimetoa madoa ya samli kwenye kofia za masheikh wakubwa. Doa la mafuta nalijua linavyotembea: linaanza katikati, linanyonywa na uzi, linajaza kila tundu mpaka nguo nyeupe inakuwa nyeusi na inang'aa. Nikamtazama Makaa kwa kioo. Weusi wake ulikuwa mzito karibu na tumbo na mwepesi kidogo, kidogo sana, kwenye ncha za bawa.

Jioni nikangoja wamalize kula. Nikasema, “Makaa si mweusi. Amevuja mafuta.”

Wifi akacheka kwa pua. “Nondo ana mafuta wapi, wifi? Ni mbuzi huyo?”

“Tumboni. Tazama hapa.” Nikaweka kile kipande mezani.

“Wivu utakuua wewe.”

“Utaniua, lakini bado amevuja mafuta.”

Fundi akachukua kipande, akanusa, akaweka chini. Nilimwangalia usoni na nikaona anafikiria petroli, maana kila siku alikuwa akiosha magurudumu ya saa kwenye kikombe cha petroli kuondoa mafuta yaliyoganda. Lakini saa ni chuma. Nondo mdogo vile ukimtosa anaweza kuvunjika ukabaki na miguu. Ikiwa mimi nimekosea, nitakuwa nimeharibu kitu pekee kilichompa dada yake furaha tangu alipokuja na sanduku lake la bati.

“Mwenyewe ni dada,” akasema mwishowe. “Akikubali.”

Niseme haki yake. Ubaya wote aliokuwa nao wifi yangu kwangu, mwoga hakuwa, na mwongo hakuwa. Alivuta kanga, akakaza mafundo, akasema: “Mtose. Mwenye haki haogopi.”

Fundi akamimina petroli kwenye kikombe kidogo cha kauri, akasogeza karabai mbali. Akamshika kwa kibanio kwenye ule waya, akamshusha taratibu mpaka akazama. Sote watatu vichwa vimegusana juu ya kikombe, nasikia pumzi ya wifi, na naye bila shaka alisikia yangu. Petroli ikaanza kuwa na ukungu wa manjano. Fundi akamtoa, akamtosa kwenye safi, akamtoa tena, akampuliza kwa mbali kama unavyopuliza jicho la mtoto.

Mabawa yakakauka, na weusi haukuwepo. Alikuwa rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Na kwenye kila bawa, mistari miwili ya fedha ilianza pamoja begani, ikashuka sambamba, halafu karibu na ukingo ikaachana, mmoja huku mmoja kule.

Nikangoja wifi aseme, huyo ni fulani, tunamjua. Akaomba kioo. Fundi akashusha maboksi yote, akayapanga kitandani, akapitia mmoja mmoja. Kulikuwa na wenye mstari mmoja. Kulikuwa na wenye mistari inayokutana. Wa kuachana hakuna. Dada hana, kaka hana, Ruiru yao yote ya utotoni haina.

“Nimemshika mimi,” akasema wifi, lakini kwa sauti ndogo.

“Sheria si ya aliyeshika,” nikasema. “Uliiweka wewe mwenyewe.”

Fundi akakohoa, na safari hii hakukuwa na saa ya kuingilia. Wifi akasogea kwenye kile kiti, cha upande wa kushoto, akakivuta nyuma kunipisha.

“Haya wifi,” akasema. “Umeshinda. Mpe jina.”

Sikuwa nimelitunga pale. Nilikuwa nalo kwa miezi, nimelibeba Chania na kwenye magunia ya Mhindi, nalisema moyoni nikipika, nikingoja nondo wa kulivaa. Nikavuta pumzi nilitoe. Na nikamwona wifi ameinama mbele, midomo imefunguka kidogo, tayari kulipokea. Hapo nikaelewa. Nikilisema, kesho asubuhi analo. Atalisema akikuna nazi, atalisema vizuri kuliko mimi, atalitungia hadithi, na baada ya mwaka mmoja litakuwa kati ya majina yao na mimi nitakuwa nimelichangia tu.

Nikazunguka meza. Nikainama, nikaweka kiganja sikioni kwa mume wangu, nikamwambia yeye.

Masikio yakamwiva, akajifunika mdomo kwa mkono wote, na mabega yakaanza kutikisika. Akanitazama kama ile jioni ya kwanza ya mshono unaopanda na unaoshuka, na zaidi ya vile.

“Nini?” wifi akauliza. “Kasema nini? Kaka, kasema nini?”

Nami nikaganda hapo nilipo, maana sikujua atajibu nini. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni. Huyu ndiye aliyemfundisha majina yote ya dunia yake. Damu nzito kuliko maji, na mimi nilikuwa maji.

“Dada,” akasema Fundi, “hilo si langu kulisema.”

Wifi aliomba sana. Mwanzo kwa utani, halafu kwa hasira, halafu kwa vyakula, maana alijua kaka yake anapenda nini. Alimvizia akiwa na homa. Alinivizia mimi siku ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, ameshika kichwa changu, ananiambia, “Sukuma wifi, na ukiwa unasukuma hebu niambie.” Hata uchungu ule wote, nilimwambia toka. Baadaye akapata mume mwema huko huko Ruiru, akaondoka na sanduku lake, na tukawa tunatembeleana sikukuu kwa sikukuu, tukipendana kama mawifi wapendanavyo, kwa jicho moja. Kila akija, anafunua boksi kwanza. Kila nondo ana kikaratasi chake chini, isipokuwa yule. Fundi hakumwambia kamwe. Mwanamume aliyeshindwa kumwambia dada yake “ondoka kwenye kiti cha mke wangu,” hilo moja aliliweza mpaka mwisho.

Fundi alifariki, Mungu amrehemu, uzee umemfika, macho yamechoka na saa. Baada ya arobaini, watu wameshatawanyika, wifi akabaki. Mwanamke mzee sasa, magoti hayamruhusu kukaa mkekani. Tukakaa mezani, mimi na yeye, boksi liko katikati, na hakuna aliyetaka kulifunua.

“Maneno yake yote ninayo,” akasema. “Tangu neno la kwanza alilosema, nilikuwa nimembeba. Ila hilo moja.” Na akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka. “Wifi, hayupo tena wa kumwonea wivu. Niambie.”

Nilimhurumia. Wallahi nilimhurumia, nikamshika mkono, na mkono wake ulikuwa kama wa Fundi, vidole vile vile. Nikafungua mdomo hata mimi mwenyewe nikadhani nitasema. Sikuweza.

Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio, akavuta kamasi, na ule ulimi wake wa zamani ukamrudia. “Na ukifa wewe? Litabaki na nani?”

“Na mume wangu,” nikamwambia.